Unaona Nini Kwanza?

Mtaani shemeji yangu anaitwa Kaskazini. Hakupewa jina hilo kwa heshima. Mwulize duka la unga liko wapi, atakuambia utoke getini, ushike kaskazini hatua mia mbili, kisha mashariki, na wewe utamshukuru kwa adabu halafu utafute mtu mwingine wa kumuuliza. Amechora ramani katika idara ya upimaji kwa miaka thelathini na mmoja. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, husema hata kitanda chao kimeelekezwa kaskazini kwa sababu bwana hapati usingizi mpaka ajue iko wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipofiwa na mume wangu wakanipa chumba cha uani, nikaweka cherehani yangu sebuleni karibu na dirisha, na tangu hapo nina kazi mbili: kushona sare za shule na kumtania shemeji. Mambo ya nyumbani niliyaona mwenyewe. Ya ofisini aliyaleta jioni, akivua viatu, kwa sauti ya mtu ambaye hata kulalamika kumemchosha.

Na alikuwa na haki ya kuchoka. Chumba chao cha kuchorea kiko ghorofa ya tatu na lifti ilikufa kabla sijaolewa. Mna meza moja ndefu yenye kioo, kompyuta mbili zinazowaka kwa kubembelezwa, na makabati ya droo pana yaliyojaa ramani zake: mipaka ya viwanja, mabomba ya maji, mitaro. Alizichora, zikapigwa mihuri, zikalazwa humo, mende wakajipatia chakula.

"Nimechora kila mtaro wa mji huu," aliniambia siku moja, "na sijawahi kumwona mtu akisimama mbele ya ramani yangu, akaisoma, akaenda anakotaka. Hata mmoja, shemeji. Nikistaafu bila kumwona huyo mmoja, nitakuwa nimefanya nini?"

"Umelisha mende," nikamjibu.

Hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba jambo lile linamkera kweli.

Alipobakiza mwaka mmoja kustaafu, idara ikapewa kazi ya kuchora ramani ya hospitali kuu, ya kubandikwa ukutani pale watu wanapoingilia. Hospitali ile imejengwa vipande vipande, kila serikali na jengo lake, na ndani yake watu hupotea mpaka wanarudi nyumbani na magonjwa yao. Kaskazini akaiomba kazi hiyo kwa mkuu wake karibu apige magoti. Alikuwa na sababu ambayo ofisini hakumwambia mtu. Dada alikuwa anapoteza macho.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka minne sasa alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha dirisha la bafuni. Daktari wa upasuaji wa macho huja mjini mara moja kila miezi mitatu. Asubuhi huandikisha wagonjwa, na ikigonga saa nne orodha inafungwa. Zamu ya dada ilikuwa imekaribia, na dada ana kichwa kigumu.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Nimechoka kuburutwa mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Si unachora ramani wewe? Basi ichore niione."

Kaskazini akakubali. Nilidhani anamridhisha tu, kumbe neno lile lilimwingia. Siku sita alipima korido za hospitali kwa futi kamba, akirudi jioni magoti yamevimba, mimi nikimpashia maji ya kuyakanda na kumwambia kwamba mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye angetuma vijana. Akasema vijana hupima kwa macho.

Wachora ramani wana ujanja wao. Wakitaka kujua kama mchoro unasema wanachotaka useme, wanasogea mbali nao, wanafumba macho nusu, na kile kinachobaki kuonekana ndicho mgeni atakachokiona kwanza. Nyumbani kwetu hakukuwa na haja ya kufumba, kwa kuwa dada alikuwapo. Shemeji alibana karatasi kwenye pazia kwa vibanio vya nguo, akamketisha mkewe hatua saba kutoka pale.

"Mke wangu, unaona nini kwanza?"

"Naona kombamwiko."

"Wapi?"

"Juu kule, pembeni. Mkubwa. Hebu muueni."

Ulikuwa mshale wake wa kaskazini. Alikuwa akiuchora kwa mapambo tangu ujana wake, ncha nne na manyoya, na hakuna mtu ofisini aliyeruhusiwa kuugusa. Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni.  Shemeji aliishusha karatasi, akaikunja, na Jumamosi iliyofuata mshale ule ulikuwa umepungua ukawa kama punje ya mchele.

Safari hiyo dada akasema anaona matofali tu. Zilikuwa kuta, alizozichora kwa wino mweusi, nene, kwa fahari ya mtu aliyezipima moja moja. Akazififisha zikawa kijivu chepesi, za kukaa nyuma kimya. Baadaye dada akaona maneno yanagombana, na hapo kazi ikawa kubwa, maana ilibidi mwanaume yule aondoe vitu alivyovipima kwa magoti yake: stoo, tangi la maji, chumba cha jenereta, ofisi chungu nzima. Akabakiza mahali ambapo mgonjwa hupatafuta. Dharura, wazazi, watoto, macho, dawa. Njia zote akazitia buluu iliyokolea, na rangi nyekundu akaiweka sehemu moja tu, kitone kilichoandikwa UPO HAPA. Kwingine akaacha peupe.

Mkuu wake alipoiona akashika kalamu. Hapa patupu, akasema, tuweke picha ya jengo jipya. Na ofisi ya mkurugenzi mbona haionekani? Na nembo ya idara?

"Mkuu, hapo peupe pana kazi yake."

"Utupu una kazi gani?"

"Kila kitu kikipiga kelele, mgonjwa hasikii hata kimoja."

"Kila kitu kwenye ramani hii ni muhimu."

Kaskazini ni mtu wa "sawa mkuu, ndiyo mkuu." Siku hiyo alipiga moyo konde akasema kwamba kuna mwanamke mmoja nyumbani kwake ambaye ndiye anayeamua nini kionekane. Mkuu alidhani anakiri kwamba anamwogopa mkewe. Akacheka, akampa pole za kiume, akatia saini. Nembo ya idara ikawekwa chini kabisa, ukubwa wa kifungo cha shati.

Jumamosi ya mwisho dada alikaa tena mbele ya pazia.

"Unaona nini kwanza?"

"Naona njia."

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda kulia, halafu moja kwa moja. Macho."

Shemeji akatoka uani. Nilimwona kupitia dirishani anafuta miwani yake kwa shati, akafuta tena, na miwani ilikuwa safi tangu mwanzo.

Siku ya daktari ilipofika, ramani ikiwa imeshabandikwa ukutani, nilimpeleka dada hadi mlango mkubwa wa hospitali, akanifukuza pale pale. Kaskazini alikuwa kikaoni. Saa tatu na nusu simu yake ikalia.

"Mume wangu, hapa kuna mashuka."

"Mashuka gani?"

"Mengi. Na mashine kubwa zinazunguka."

"Hapo ni dobi! Umefikaje dobi?"

"Nimefuata ramani yako. Kulia, halafu moja kwa moja."

"Haiwezekani. Macho iko mashariki. Geuka uelekee mashariki."

"Mashariki ndiyo wapi, mume wangu?"

Aliniambia kwamba alisimama kwenye ngazi za ofisi, simu sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na neno la kumwelekeza mtu. Mfanyakazi mmoja wa dobi alimshika dada mkono akamvusha hospitali nzima. Walifika saa nne na robo. Orodha ilikuwa imefungwa, na daktari angerudi baada ya miezi mitatu.

Dada hakumlaumu. Alirudi, akavua viatu vyake vizuri, akasema amechoka, akalala mchana ule hadi magharibi. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na mdomo wangu haujui kunyamaza. "Shemeji," nikamwambia, "miaka thelathini na mmoja, na umeshindwa kumfikisha mkeo mita mia mbili!" Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu, akaingia chumbani. Neno lile ningeweza ningelirudisha.

Kesho yake alikwenda hospitali mwenyewe. Akasimama mbele ya ramani, akaisoma, akaiona sahihi. Akaifuata, akafika Macho bila kupotea hata hatua moja. Akarudi, akaisoma tena, sahihi. Mfagizi wa pale, mama mmoja mnene mwenye mopu, alikuwa anamtazama.

"Baba, usiisome hiyo," akamwambia. "Hiyo inapeleka watu dobi. Ukitaka mahali niulize mimi."

"Nimeichora mimi."

"Pole," akasema mfagizi, na akaonekana kumwonea huruma kweli. "Sasa wewe umefikaje bila kupotea?"

Swali hilo alikuja nalo nyumbani. Akaliweka mezani kwangu, juu ya vitambaa, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea. Nikamwambia asimame tuelewane. Nikachukua futi yangu nikasimama mbele yake uso kwa uso, kama ninavyompima mteja.

"Mkono wako wa kulia uko upande gani wangu?"

"Kushoto."

"Basi. Hilo ndilo kosa la kila anayejifunza ufundi. Anamtazama mteja usoni, anaandika kulia kwa kushoto, na mfuko wa shati unatokea upande mwingine. Hao watu wako wanaingia hospitali wakitazama wapi?"

Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, na niliona uso unamshuka.

Mlango mkubwa uko kaskazini. Watu wakiingia wanatazama kusini, na ramani iko ukutani mbele yao, kaskazini yake ikiwa juu, kama alivyofundishwa, kama alivyochora ramani zote za maisha yake. Kwenye karatasi Macho iko kulia. Kwa mtu aliyesimama pale, iko kushoto. Alipima korido zote kwa futi kamba, akahesabu milango, na hakuuliza jambo moja: ramani itatundikwa ukuta gani. Yeye mwenyewe hangeweza kupotea, kwa sababu kichwa chake kinaigeuza karatasi bila kumwambia. Jambo ambalo mtoto wa shule angelikosea, yeye hakuweza kulikosea, na kwa hiyo hakuliona.

Alimwendea mkuu wake kumwomba ruhusa ya kuichora upya, kusini juu. Mkuu akasema ramani ya kichwa chini itafanya idara ionekane imelewa, na bajeti imekwisha. Shemeji hakubishana. Alinieleza jioni kwamba miaka ya nyuma yeye mwenyewe alimrudishia mpimaji mmoja mchoro wa namna hiyo, akaandika kwa wino mwekundu, "Jifunze kwanza kazi." Sasa hata jina la yule mpimaji alikuwa amelisahau.

Akaichora nyumbani kwa mkono, juu ya meza yangu ya kukatia. Wiki tatu sikuwa na meza, sare zikachelewa, wazazi wa wanafunzi wakanisema. UPO HAPA ikashuka chini, kwenye miguu ya msomaji. Kilicho mbele yako kikawa juu, na Macho ikahamia kushoto. Kilichomshinda ni mshale wa kaskazini. Ulitakiwa utazame chini, na mkono wake ulikataa. Aliuchora, akaufuta, akauchora, mpaka karatasi ikaanza kuchubuka.

"Uondoe," dada akamwambia.

"Ramani bila mshale?"

"Hospitalini nani anakwenda kaskazini?"

Akauondoa. Nilimwona akiupuliza unga wa kifutio mezani, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba aliyoiuza.

Miezi hiyo mitatu macho ya dada yalizidi kuharibika. Tulibana karatasi kwenye pazia, akaulizwa anaona nini kwanza, akasema haoni kitu. Shemeji akanenepesha njia ya Macho. Dada akasema anaona kitu kama kamba. Ikanenepeshwa tena mpaka ikawa upana wa futi yangu, na herufi zikawa kubwa kama za kibao cha duka. Kila Jumamosi tulikuwa tunashindana na giza na giza lilikuwa linakimbia zaidi yetu. Siku aliyosema, "Naona njia, inakwenda kushoto," hakuna aliyeshangilia. Shemeji akageuza sebule ikawa hospitali tufanye mazoezi: pazia ndiyo ramani, cherehani yangu Macho, kochi ndiyo Dawa. Dada akajigonga kwenye kochi, akaliomba panadoli.

Jumapili moja Kaskazini na yule mfagizi waliibandika ramani mpya juu ya ile ya zamani, kwa gundi ya unga wa ngano. Hakuna aliyewapa ruhusa, na hakuna aliyewauliza.

Siku ya daktari ilipofika tena, dada alituamuru tukae kwenye benchi la mapokezi na tusinyanyuke hata akianguka. Akaisogelea ramani mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akaweka kidole kwenye kitone chekundu, akakipandisha taratibu kwenye ule mstari. Watu wawili nyuma yake wakaanza kuguna. Shemeji akataka kuinuka, nikamshika bega. Dada akasimama wima, akageuka kushoto, akaenda. Hakutazama nyuma. Tulimwona mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea kwenye kona, na ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Baada yake alikuja mwanaume mwenye bandeji, akaitazama ramani, akaenda. Kisha mama na mtoto. Wakaitazama kama unavyotazama saa, wakaenda zao.

"Nimemwona yule mmoja," shemeji akasema.

Nilitegemea atafurahi. Aliegemea ukuta akalala hapo hapo, mdomo wazi, na hakuamka mpaka tulipoitwa.

Jicho la kushoto lilipasuliwa kwanza, la kulia lingefuata. Walipomfungua bandeji, dada alikaa siku kadhaa nyumbani akishangaa vitu: vumbi juu ya kabati, maua ya pazia ambayo alikuwa amesahau kwamba ni maua, mishono yangu, ambayo alisema imekuwa ya haraka haraka siku hizi. Nikamwambia arudi kwenye upofu wake.

Wiki ya pili shemeji alirudi na karatasi iliyopigwa chapa. Mkuu alikuwa amesikia hospitalini watu hawapotei tena, akaamua ramani ya kusini juu ichapishwe rasmi, na zahanati nyingine zichorewe namna hiyo hiyo. Pembeni kulikuwa na jina la aliyeibuni, na jina hilo lilikuwa la mkuu. Kaskazini alitakiwa aikague tu kabla haijakwenda. Hakulalamika. Alifungua vibanio vya nguo, akaibana kwenye pazia, akasimama pembeni yake kama alivyozoea. Dada akakaa kwenye kiti chake, hatua saba. Nikasimamisha cherehani.

"Haya, mke wangu. Unaona nini kwanza?"



"Naona umechoka," dada akasema.

"Tazama karatasi, mke wangu."

"Karatasi nimeiona. Njia nimeiona, na jina la mkuu wako nimeliona. Umeniuliza nini kwanza." Aliinuka akazipunguza zile hatua saba, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha. "Mara ya mwisho nilipokuona hukuwa hivi."

Miaka minne mimi nilikuwa nimeketi sebule ile ile, na macho yangu mazima, na neno hilo sikuwahi kumwambia. Kaskazini alibaki na kibanio kimoja mkononi. Kisha akakubali mkewe amkalishe.